Tia Mkono Chini ya Tandiko

Jioni hii nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia bei ya nazi, na karatasi zangu ninazo hapa mezani. Lakini mchana umeingia ujumbe wa simu ulioninyang'anya mada. Nazi itasubiri, imezoea kusubiri.

Ujumbe umetoka kwa kijana anayetunza farasi wa kupandisha watu, ukanda wetu huuhuu, kati ya Mapinga na Bagamoyo. Nausoma kama ulivyo: "Shikamoo mzee. Farasi ninayemchunga ametoka vinundu vitatu mgongoni, pale linapokaa tandiko. Ni vigumu kama kokwa za kunazi. Haviumi, havitoi usaha, na manyoya yake yapo vilevile. Mmoja ananiambia nivipasue kwa wembe, mwingine ananiambia nipake oili chafu. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza, wembe uweke chini. Pili, oili chafu irudi gereji ilikotoka. La tatu ni refu, na ndilo litakalotupeleka mpaka muda wetu uishe: umenieleza vinundu vizuri kabisa, ukubwa wake, ugumu wake, hata manyoya yake. Tandiko hukunieleza hata neno moja. Ni lako au la kuazima? Limejazwa nini? Lilitengenezwa kwa mgongo wa farasi huyu au wa mwingine aliyekufa zamani?

Najua wako wasikilizaji wanaoguna sasa hivi. Farasi na sisi wapi na wapi? Wengi wetu farasi tumemwona kwa karibu siku ya Simba na Yanga tu, pale nje ya uwanja wa Mkapa, chini ya askari wa Kikosi cha Mbwa na Farasi, tena tulikuwa tunamkimbia. Ni kweli, pwani hii si nchi ya farasi. Lakini mgongo wa farasi na mgongo wa punda ni ndugu, na punda tunaye. Msikilizaji wa Msata au Lugoba mwenye punda wa kuteka maji, maneno haya ni yako kuliko yalivyo ya huyu kijana wa ufukweni.

Na nikisema si nchi ya farasi, sibahatishi. Mwaka 1871 mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, alipita hapa Bagamoyo akienda kumtafuta Livingstone. Alikuwa na farasi wawili na punda 27. Farasi mmoja alikuwa zawadi ya Sultani Barghash mwenyewe. Hawakufika mbali. Siku chache tu baada ya kuuacha mji, mahali paitwapo Kingaru, farasi wa Sultani akafa, na wa pili akamfuata muda si mrefu. Stanley akaamuru mzoga wa yule wa kwanza uzikwe usije ukanuka kambini. Mkubwa wa kijiji akaja juu: nani kakuruhusu kuzika farasi kwenye ardhi yangu? Toa faini, doti mbili za kitambaa cha merikani. Stanley akaita watu wake washike majembe. Basi, akasema, tunamfukua, tunamwacha palepale alipofia. Mkubwa wa kijiji akaona heri yaishe.

Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, yuko mapori ya Saadani hadi leo, na yeye hana heshima kwa mnyama wa Sultani. Usubi nao wana ugonjwa wao wa farasi wanaoueneza, unaoua kwa siku chache. Ndiyo maana mizigo ya bara iliingia Bagamoyo mabegani mwa watu, na punda akabaki msaidizi.

Ila si farasi wale walionifanya nimkumbuke Stanley. Ni matandiko ya punda wake. Kwa maelezo yake mwenyewe, Unguja nzima hakupata matandiko ya mizigo ya kununua. Ikabidi yashonwe upya, kwa turubai nene, kamba na pamba ya kujazia, na walioyashona ni yeye mwenyewe na baharia mmoja aliyekuwa naye, jina lake Farquhar. Hebu litazameni jambo hilo. Unguja ile ilikuwa na punda weupe wa Maskati walioletwa kwa majahazi, warefu, waliopakwa hina, na juu yao matandiko ya kumkalisha bwana raha mustarehe. Tandiko la kuyahifadhi makalio ya mpandaji lilikuwepo. La kuuhifadhi mgongo wa punda wa mizigo, yule tuliyemwita kihongwe, halikuuzwa dukani. Nadhani hapo ndipo ulipoanza ugonjwa tunaouzungumza leo, na hatujaumaliza. Farquhar naye, nisimwache hivihivi, alipokabidhiwa msafara wake punda wake walikufa karibu wote. Kushona tandiko ni kazi moja, kujua nani akae juu yake na kwa muda gani ni kazi nyingine.

Kihongwe alikuwa na shogi. Vijana wa mjini huenda hamjaliona: mifuko miwili mikubwa ya ukili iliyoungana katikati, inatupwa juu ya mgongo, mmoja unaning'inia kulia na mwingine kushoto. Ndani unatia mchanga, chokaa, nazi, mawe, chochote. Ni kitu kizuri cha mkono wa msusi, sina ubaya nacho. Tatizo liko katikati, pale mifuko inapoungana. Ukitupa shogi juu ya mgongo mtupu, uzito wote wa pande mbili unakutana juu ya uti wa mgongo. Na punda, hasa huyu wetu mdogo, uti wake umesimama kama mgongo wa paa la makuti. Hana minofu ya kuufunika.

Sasa ngozi inavyoharibika. Wewe unayenisikiliza umekunja mguu chini, endelea kuukalia robo saa nyingine. Utakufa ganzi. Ukiunyoosha, damu inarudi na mguu unawasha kama umeng'atwa na siafu. Ndivyo ilivyo chini ya tandiko. Penye mgandamizo mkali, mishipa midogo ya damu inabanwa, na nyama iliyo katikati ya mfupa na tandiko inakosa damu. Tofauti ni kwamba wewe mguu unaunyoosha. Farasi mgongo wake hawezi kuusogeza mpaka wewe ushuke.

Na hapa pana jambo linalowadanganya watu wengi. Ngozi ya juu ni ngumu, hukawia kuharibika. Kinachoanza kufa ni kilicho ndani, karibu na mfupa. Kwa hiyo unaweza kutandua mnyama jioni, ukamtazama, ukamwona safi kabisa. Baada ya nusu saa, damu imesharudi, pameumuka donge laini, la moto, na ukiligusa mnyama anauzamisha mgongo kukukwepa. Donge hilo ni onyo. Ukimpumzisha mpaka lishuke lote, linaweza kwisha bila kuacha alama. Ukimtandika kesho asubuhi kwa kuwa "uvimbe si mkubwa," ngozi itakauka pale kama kipande cha kiatu cha zamani, itajitenga na nyama pembeni, na chini yake usaha. Hicho si kidonda cha wiki moja tena.

Wapanda farasi wa majeshi ya zamani walikuwa na desturi ninayoipenda: wakifika kambini hawavui tandiko kwa pupa. Wanalegeza ukanda wa tumboni, wanaliacha tandiko juu kwa muda, mgongo upoe chini yake taratibu, damu irudi kidogo kidogo. Ndipo wanavua, na kupitisha mkono. Kila jioni, kila mnyama, mkono unapita. Jicho halitoshi, kwa kuwa manyoya yanaficha.

Mkono huo niliuona mwaka mmoja upande wa barabara ya Msata, si kwa askari bali kwa mzee wa Kiparakuyo aliyekuwa akitoka kisimani na punda watatu. Nilisimama kuomba njia, nikabaki kutazama. Alishusha madumu, akafungua kamba, akapitisha kiganja kuanzia mabegani mpaka kiunoni, upande huu na upande ule, huku anazungumza na mimi habari nyingine kabisa. Kwa punda wa pili kiganja kikasimama. Akarudi nyuma, akagusa tena. "Huyu kesho hatoki," akasema. Mimi sikuona kitu. Akaushika mkono wangu akauweka pale. Palikuwa na joto.

Punda wa tatu alikuwa na mabaka meupe mawili, moja kila upande wa uti. Nikauliza, "Baba, huyu ni mzee kuliko wenzake?" Akacheka. "Hizo si mvi za umri. Hizo ni za kijana wangu, alipomfunga vibaya." Na ndivyo ilivyo. Mgandamizo ukiua mizizi ya rangi kwenye ngozi, manyoya yanayoota baadaye huwa meupe maisha yote. Ukienda kununua farasi au punda, usianze na meno. Tazama mgongo. Alama nyeupe zitakusimulia watu wote waliowahi kummiliki.

Sikuja kumpamba yule mzee, lakini. Kila punda alikuwa amebeba madumu manne ya lita 20. Hesabu ni rahisi, maji hayana siri: kilo 80. Punda wetu wengi wana kilo 150 hivi, wengine hawafiki, na kipimo kinachofundishwa sana ni theluthi ya uzito wake, yaani kama kilo 50. Nikamwambia, kwa adabu. Akanitazama. "Kisima kiko mbali. Nikipakia mawili, nitakwenda mara mbili. Atakayekwenda mara mbili si punda huyuhuyo?" Nikanyamaza. Mpaka leo sina jibu kamili la kumpa, zaidi ya kusema kwamba safari mbili nyepesi zenye mapumziko katikati huacha damu ipite, na safari moja nzito haiachi. Wepesi wa kutoa ushauri kuhusu mzigo usio wako wazee wetu waliuona zamani, wakasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Na kwa kuwa tumetaja sufi, tusiipite. Misufi tunayo pwani, na wengi hujazia tandiko sufi kwa sababu inapatikana bure na ni laini. Laini ni kweli, siku ya kwanza. Ikinyeshewa jasho wiki mbili inajikusanya madonge, na donge la sufi lililoloa likakauka ni jiwe. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa vizuri hayana raha kama sufi lakini hayalali haraka. Lolote utakalochagua, kipimo ni kimoja: tandiko liwe mito miwili, mmoja kila upande, na katikati pabaki mfereji. Mchana ukiinama nyuma ya mnyama aliyetandikwa, uone mwanga umepita juu ya uti mpaka upande wa pili. Usipouona, hujatandika, umefunika.

Gunia nalo. Siku hizi gunia la katani limekuwa adimu, chini ya tandiko tunaweka kiroba cha plastiki cha unga au mbolea. Kiroba hakinywi jasho. Joto linabaki, ngozi inalainika kama vidole vya mfuaji nguo, halafu nyuzi zile za plastiki zinaisugua. Afadhali shuka kuukuu la pamba, au kanga iliyochoka iliyokunjwa bila mkunjo. Tena si kanga nne. Tandiko linalobana huliongezei vitambaa, kama usivyovaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana.

Sasa nirudi kwa kijana wangu na kokwa zake za kunazi, maana ataniona nimemtoroka.

Vinundu vigumu, vya mviringo, visivyouma, vyenye manyoya yake juu, mgongoni mwa farasi, vinajulikana sana kwa madaktari wa wanyama. Si majipu, na ukivipasua hutakuta usaha. Ndani yake ni nyuzi za ngozi zilizooza kidogo, zikazungukwa na askari wa mwili waliokuja kupigana wakakosa adui. Chanzo chake hakijathibitishwa moja kwa moja. Wanaoshukiwa zaidi ni wadudu wanaouma, kwa kuwa mwili wa farasi mwingine hukasirikia mate ya mdudu kupita kiasi, na msuguano wa tandiko wenyewe. Pwani hapa, mwanangu, unao wote wawili.

Dawa yake ya kwanza mara nyingi ni kuviacha. Ndiyo, kuviacha. Kama havikui, haviumi, na havikai mahali tandiko linapokandamiza, vinaweza kuishi naye miaka kumi. Vikikaa mahali pabaya, daktari anaweza kuchoma sindano ya dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya kinundu chenyewe, au akakikata kwa upasuaji safi na kumpa farasi muda wa kupona bila tandiko. Vingine vya siku nyingi hugeuka vigumu kama chokaa, na hivyo sindano haivitoi. Wembe wa kunyolea na mkono uliotoka kula muhogo haviingii popote katika orodha hiyo.

Sababu nyingine ya kuogopa wembe ni ndugu wengine wa kinundu wanaofanana naye usoni. Kuna sakoidi, uvimbe wa ngozi ulio wa kawaida kuliko wote kwa farasi na punda duniani, unaohusishwa na virusi vya chunjua za ng'ombe. Huanza kama baka lisilo na manyoya au kama kinundu cha kawaida tu. Ukiuchokoza, ukaukata nusu, unaweza kurudi kwa hasira na ukubwa mara tatu. Farasi mweupe aliyezaliwa mweusi akafifia kwa umri ana yake: vinundu vyeusi, zaidi chini ya mkia, vinavyoanza kimya. Na uvimbe ulio juu kabisa ya mabega, shingo inapokutana na mgongo, ukavimba na kutoboka na kutoa usaha, usiukamue kwa mikono mitupu. Mara nyingine ndani yake mna bakteria wa brusela, walewale wanaotupisha ng'ombe mimba, na binadamu nao huwapata, wakampa homa isiyokwisha ambayo zahanati itaitibu kama malaria mara tatu kabla ya kuwaza jingine.

Matuta laini mengi yaliyotokea usiku mmoja mwili mzima, yakibonyea kwa kidole, hayo ni mzio, na mara nyingi hutoweka yenyewe siku ya pili. Magamba yanayong'oka na manyoya wakati wa masika ni unyevu na bakteria wake. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya ni mashilingi, na hapo shida ni shuka la tandiko mnaloazimana farasi watatu. Tena mashilingi hayachagui, yatahamia mapajani mwako.

Kinundu usichokijua, kinachokua, au kilichobadilika, mwite daktari wa mifugo. Akiona haja atachukua kipande na kukipeleka kupimwa, na maabara tunazo: Wakala ya Maabara ya Veterinari iko Temeke, na Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro, si mwisho wa dunia. Najua bwana mifugo wa kata yako anahudumia ng'ombe, mbuzi, kuku na pikipiki isiyo na mafuta. Mpigie hivyohivyo.

Nimesema oili chafu irudi gereji, na sijaeleza kwa nini. Watu huipaka kwa sababu nzi hawatui juu yake, na hilo ni kweli. Lakini ina vyuma na kemikali za injini, inaunguza nyama mbichi, na farasi akijilamba inaingia tumboni. Na wale wanaopaka unga wa betri, huo ni ukatili mtupu. Kidonda kilichofunguka kinataka maji safi yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kila siku. Dawa ile ya zambarau au ile ya kupuliza aliyokupa daktari, sawa. Pembeni ya kidonda, si juu yake, mafuta ya mwarobaini yatakusaidia kufukuza nzi. Funza wakiingia, usiwatoe kwa kijiti, mwite mtu.

Na kuna adui mwingine wa mwambao wetu ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji: kunguru. Huyu mwenye shingo ya kijivu alikuja Unguja kutoka India miaka ya 1890, na sasa Bagamoyo ni yake kuliko ilivyo yetu. Akiona kidonda mgongoni mwa mnyama aliyefungwa, anatua na kudonoa, na mnyama hana mkono wa kumfukuza. Mnyama mwenye jeraha asifungwe juani peke yake. Apewe kivuli, na macho ya mtu.

Nimwambie kijana jingine la ufukweni. Watalii wanapenda picha ya farasi ndani ya maji, mawimbi yanapiga miguu, jua linazama. Picha nzuri. Baadaye mnyama anarudi na chumvi na mchanga chini ya tandiko lililoloa, na kesho saa kumi na mbili asubuhi tandiko lilelile, halijakauka, linapanda mgongoni palepale. Huo ni msasa. Baada ya bahari, maji ya bomba kwanza, mgongo mzima, na shuka la tandiko lifuliwe na kuanikwa mpaka likauke kweli. Wakati wa masika haliwezi kukauka kwa siku moja, kwa hiyo uwe na mashuka matatu. Mwenye farasi akikwambia mashuka matatu ni gharama, mwambie apige hesabu ya farasi asiyepandika mwezi mzima.

Kule Lamu wenzetu wana hospitali ya punda tangu mwaka 1987, pale mbele ya bahari. Mji wenye vichochoro visivyopitisha gari unajua thamani ya mgongo. Wakati wa Maulidi wanashindanisha punda kwa mbio, na hiyo wengi mmeisikia. Lakini yako pia mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri zaidi, na mwenyewe anapewa zawadi. Hayo ndiyo ningependa tuyaibe. Sheria tunayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama, na ni nzuri. Ila sijawahi kusikia mtu amebadilisha tandiko kwa kuogopa sheria. Kwa kushindana na jirani, nimesikia mengi.

Sasa, mwanangu, kazi ya kufanya. Nilipopata ujumbe wako mchana nilikujibu kabla sijaingia studio, na wasikilizaji wanisamehe kwamba nawaletea mwisho wake. Nilikwambia hivi: mpige brashi farasi mgongo mzima, lakini usimwogeshe. Chukua shuka jeupe safi la pamba, litandaze, weka tandiko, mpande robo saa. Shuka, legeza, ngoja, vua taratibu. Lilete shuka mwangani ulisome. Penye mgandamizo sawasawa pataacha uchafu na jasho sawasawa. Penye kubana sana pataacha doa zito, au pakavu kabisa katikati ya jasho. Halafu lirudishe shuka palepale mgongoni, uone vinundu viko chini ya nini.

Kijana amenijibu saa kumi na moja. Anasema vinundu viwili vimekaa sawasawa chini ya mshono uliowahi kurudiwa, upande wa kushoto, na alipotia kidole ndani ya tandiko amekuta fundo la uzi gumu kama kokwa jingine. Cha tatu, kumbe, kiko mbali, karibu na kiuno, na hakina tandiko juu yake wala mshono. Hicho hakijui.

La fundo halihitaji mimi wala daktari. Lipeleke tandiko kwa fundi siti, hawa wanaoshona siti za bodaboda pale stendi. Wanajua turubai, wanajua kujaza, na wanajua mtu anavyolalamika akikalia fundo siku nzima. Simama naye wakati anafumua, mwonyeshe mfereji wa katikati, asije akakujazia mto mmoja kama wa pikipiki. Farasi asipandwe mpaka lirudi.

Kile cha tatu nimemwambia akichoree duara kwa kalamu ya wino, aandike tarehe ya leo ukutani bandani, na asubiri. Daktari anakuja Alhamisi.